Mshenga wa Mshahara

Leo nimeaibika mbele ya watu wazima, na aliyeniaibisha nimemlipia tuktuk mwenyewe, kwenda na kurudi.

Nawaandikia hapa kundini kwa sababu najua habari zimeshaanza kutembea. Kazungu dereva hana kifuniko mdomoni, na Kibokoni jambo likiingia nyumba moja lishaingia zote. Basi afadhali mlisikie kwangu. (Naandika kwa kidole kimoja. Mkiona nimenyamaa, nimekwenda kutazama jiko.)

Kazi yangu mnaijua. Nawapikia madereva kule Shimanzi, kwenye yadi ya malori. Nilianza siku ile mpishi wao wa kwanza alipogombana na mkubwa kwa ajili ya kitunguu, akavua aproni akaitupa kwenye mchuzi. Mchuzi wa maharage ulikuwa, na miye ndiye niliyeitoa ile aproni, kwa upawa. Haya, hicho ni kisa kingine. Tangu hapo ni mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ukiisha unaitwa, unatia sahihi, unarudi kwenye sufuria. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kulipwa nini. Nilikuwa naoneshwa pa kutia sahihi tu, kwa kidole, kama mtoto wa chuoni anayeoneshwa alifu.

Na ikifika Ramadhani jiko linafungwa, nami silipwi. Hebu niambieni wenyewe. Mwezi wa tende, mwezi wa sukari, mwezi wa nguo za watoto za sikukuu, ndio mwezi Zena hana mshahara. Eti hakuna wa kupikiwa. Na wale wasiofunga? Wanajipikia ugali pale pale, kwa sufuria zangu, na wanaziunguza.

Ndiyo maana kila jioni nikitoka kule nakaa barazani kwangu na karai, nakaanga viazi na bajia mpaka isha. Mchana napika, jioni nakaanga. Magoti yamekwisha. Daktari alinambia nipunguze kusimama, nikamwambia, "Daktari mwanangu, viazi havijikaangi."

Sasa wiki hii dada Mwende akaja jikoni. Huyu ndiye anayesimamia mambo ya wafanyakazi. Ni mgeni kwetu, ametoka bara, upande wa Machakos, Mkristo mcha Mungu, na heshima zake anazo. Wali wangu wa nazi anaula mpaka anakwangua ukoko. Akanambia, "Mama Zena, hii mikataba ya miezi mitatu tunaiacha. Tunataka kukuandika kazi ya kudumu. Likizo utapata, hospitali utapata, na mshahara utapata kila mwezi, hata jiko likifungwa."

Nikashika ukingo wa meza. Nikamwambia, "Hata Ramadhani?"

"Hata Ramadhani. Lakini kwanza uje ofisini tukubaliane mshahara. Ukitaka, unaweza kuja na mtu wa kukusemea."

Usiku nikapiga hesabu zangu kichwani, maana za karatasi siziwezi. Nikaona nikipata elfu thelathini na tano, karai naliweka chini. Naliosha, nalipaka mafuta, nalitundika, nalala magharibi kama mke wa tajiri. Chini ya hapo, viazi vinaendelea. Kwa hivyo nilikuwa na namba yangu. Kilichobaki ni kuitaja.

Na hapo ndipo pana shida, na nyinyi mnaijua. Kwetu mtu hajitajii bei. Ni nani kati yenu aliyewahi kumwona mwari ametoka ukumbini akawaambia wageni, "Mahari yangu ni kadha wa kadha"? Angezomewa mpaka Malindi. Binti yangu, yule aliyeolewa Buxton, akanambia, "Mama, kazi si ndoa. Ingia, taja, kaa kimya." Nikamwambia, "Wewe umesoma sana, huna haya." (Nitamwomba radhi. Leo sina nguvu.)

Nikaona mtu wa kunisemea ni mmoja tu, shemeji yangu Mzee Badi, binamu wa marehemu mume wangu. Mji mzima wa Kale hakuna mshenga kama yeye. Ameposa Bondeni, ameposa Lamu, ameposa mpaka kwa watu waliokuwa wamesema binti yao haolewi na mtu. Hajarudi mikono mitupu hata siku moja. Nikamfuata barazani kwake nikamweleza. Akanisikiliza amefumba mato, akazungusha tasbihi, akauliza neno moja tu.

"Utapeleka nini?"

"Nipeleke nini wapi, shemeji?"

"Huko tuendako. Mshenga haendi kwa watu akipunga mikono."

Nikanunua halua. Nikainunua ile ya lozi, ya moto, nikaitia kwenye sahani yangu ya maua nikaifunika kitambaa cha kushona. Nikavaa buibui jipya, nikajifukiza udi. Mzee Badi akaja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na koti juu, na bakora. Kwenye tuktuk tukapanga mambo yetu kama watu wazima. Nikamwambia, "Shemeji, mimi nitakuwa nimenyamaa. Lakini nikiona unalegea, nitakugusa mguu chini ya meza. Nikikugusa, kaza."

Akasema, "Bi Zena, miye nilikuwa nakaza kabla weye hujaota meno."

Tukafika. Madereva walikuwa wamekaa nje ya ofisi kungoja kupakiziwa makontena. Wakatuona. Kazungu akaniuliza, "Mama Zena, leo nani anaoa?" Sikumjibu. Nilikuwa nanukia vizuri mno kujibizana na mtu.

Ndani, Mzee Badi akatoa salamu zote. Akamuuliza dada Mwende hali yake, na hali ya wazee wake, na hali ya mvua huko kwao, na mifugo. Dada Mwende maskini akajibu yote, mpaka ng'ombe mmoja aliyekuwa mgonjwa. Kisha Mzee Badi akanifanyia ishara, nikaiweka halua mezani, nikafunua kitambaa.

Dada Mwende akarudi nyuma na kiti chake.

"Mama, hii ni nini?"

"Halua," nikasema.

"Naona ni halua. Ni ya nini?"

Mzee Badi akasema, "Ya kulainisha maneno."

Basi hapo dada Mwende akaonesha karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yake. Miye kusoma kwangu ni kwa kusukuma, lakini neno "HONGO" niliweza. Halua yangu ya lozi ikaitwa hongo. Mtoto wa watu akasema kwa adabu kwamba hawezi kuipokea, kazi yake itaharibika, akaomba itolewe nje mpaka tumalize. Ikatolewa. Ikawekwa dirishani, upande wa madereva. Mnajua wenyewe ilivyokwenda. Nilisikia vijiko. Wametoa wapi vijiko mpaka sasa sijui, maana vyangu vilikuwa vimefungiwa jikoni.

Mzee Badi akakasirika, lakini mshenga hasira yake huimeza. Akakohoa. Akaanza.

"Dada yetu, sisi tumekuja kwenu kwa wema. Tumepita, tumeona nyumba nzuri, watu wazuri, tukapenda. Tumekuja kuomba."

Nikafurahi. Nikasema moyoni, ehe, hicho ndicho Kiswahili. Dada Mwende naye akatabasamu, akasema, "Asante mzee. Na sisi tumempenda mama."

"Alhamdulillahi. Basi tuambieni mnataka nini."

Hapo dada Mwende alikunja uso kidogo. Akatazama karatasi yake, akasema, "Sisi tumefikiria kuanzia elfu thelathini na mbili. Kuanzia, eeh? Tunaweza kuzungumza."

Thelathini na mbili ya kuanzia! Na anasema mwenyewe tunaweza kuzungumza. Mguu wangu ukawa unawasha. Nikasema moyoni, Mzee Badi akivuta kidogo tu, karai limekwisha.

Mzee Badi akatikisa kichwa pole pole. Akashika ndevu.

"Dada, hiyo imekuwa nzito."

Dada Mwende akasema, "Nzito?"

"Nzito kwetu. Sisi watu wa hali ya kawaida. Tuhurumianeni."

Nikadhani nimesikia vibaya. Kisha nikadhani ni ujanja wake. Washenga wana njia zao, labda anarudi nyuma apate kuruka mbali. Lakini roho haikutulia, nikamgusa mguu.

Akakaza.

"Watu husema mali hutafutwa," akasema, "lakini utu hautafutwi. Tushusheni kidogo, tushikane undugu."

"Mzee," dada Mwende akasema, na kalamu ameishika hewani, "unataka ishuke?"

"Ishuke, inshallah."

"Kwa mfano... thelathini?"

Nikampiga teke. Si kumgusa tena, nilimpiga teke la mfupa. Mzee Badi akanigeukia akanikonyeza, kama kusema, usiwe na wasiwasi, nimekusikia. Akainama mbele akaweka mkono kifuani.

"Hata hiyo thelathini, dada. Kwa hisani yako. Wazee walioko nyumbani watanilaumu."

Mtaniuliza, Zena, ulikuwa na mdomo, ulikuwa umeuweka wapi? Nilikuwa nao. Lakini mshenga akisema, mwenye shughuli hanyanyui kichwa. Nimekuzwa hivyo, nimeolewa hivyo, na ulimi wangu pale ulikuwa umeganda kama samli ya baridi. Nikawa natazama mapaja yangu na kumpiga mateke. Na kila teke, bei inashuka.

Dada Mwende akanitazama. Nasema haki yake, alinitazama sana. Akaniuliza, "Mama Zena, wewe unakubaliana na haya?"

Kabla sijafungua kinywa, Mzee Badi akamwelimisha. "Dada, kwetu sisi mwenyewe akinyamaa, amekubali."

"Basi... elfu ishirini na nane?"

"Sasa umesema neno la kiungwana," Mzee Badi akasema. "Tusome Fatiha."

Na akanyanyua mikono.

Wenzangu, mwenye kuhukumu na ahukumu. Miaka yote hii nimefundishwa kwamba ikinyanyuliwa mikono, nawe unanyanyua. Nikanyanyua. Dada Mwende akainamisha kichwa na kufumba macho, kwa heshima yake. Mzee Badi akasoma kwa ile sauti yake nzuri anayosomea posa, akavuta, akapamba. Alipomaliza, dada Mwende akasema, "Amen." Nami, kwa kinywa changu hiki, nikasema, "Amin." Na nikajipangusa uso.

Nje dirishani kukalia kigelegele. Kilikuwa kirefu na kizito, sauti ya mwanamume. Kazungu huyo, mdomo umejaa halua yangu. "Mama Zena kaolewa na kampuni!" Na yadi nzima ikaitikia, na lori moja likapiga honi.

Hapo ulimi wangu ukayeyuka.

"Nyamaa, Kazungu!" nikasema. Kisha nikamgeukia mshenga wangu. "Shemeji. Leo weye u upande gani?"

"Upande gani vipi? Upande wetu."

"Upande wetu ndio unaolipwa."

Akanitazama kama aliyeambiwa jua limechomoza kutoka Likoni.

"Bi Zena, sisi si ndio tuliokuja kwa watu? Si ndio tuliobeba halua? Mwenye kuja na halua ni mposaji. Na mposaji huomba apunguziwe. Ungetaka niwe upande wa mwari, wao ndio wangepanda tuktuk kuja Kibokoni."

Sasa niambieni. Nimjibu nini? Ukimsikiliza, maneno yake yamenyooka. Hasira iliyonishika ni hiyo, kwamba nimefilisiwa kwa desturi na desturi yenyewe haina kosa. Mtu huyu maisha yake yote ametumwa na wenye kuoa. Mkononi mwake hakuna mahari iliyowahi kupanda hata shilingi, na miye ndiye niliyemfuata nikijisifu kwamba hashindwi. Kweli hakushindwa.

Nikainama sikioni mwake nikamnong'oneza, "Mwambie dada thelathini na tano."

"Siwezi."

"Mwambie."

"Fatiha imeshasomwa. Miye sirudi nyuma ya Fatiha. Taja weye."

Dada Mwende alikuwa amekaa pale pale, hatua mbili kutoka kwetu, anasikia kila kitu. Akaweka kalamu chini. Akasema, kwa upole, "Mama Zena, sijaandika chochote. Dua ni dua, lakini mshahara ni wako. Mwambie mzee apumzike. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, unataka ngapi?"

Nje vijiko vikasimama. Niliwaona madereva wamepanga vichwa dirishani kama papai sokoni.

Namba nilikuwa nayo. Wallahi nilikuwa nayo. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaivalisha buibui nikaileta Shimanzi. Nikafungua kinywa kuitoa. Nikamwona dada Mwende ananitazama machoni, nikaona haya, nikasikia kama nimesimama kati ya watu bila ukaya kichwani, na kabla haijatoka ile namba ikajikunja.

"Thelathini," nikasema.

Mzee Badi akasema, "Mashallah, umeanza vizuri."

Dada Mwende alifunika uso kwa viganja vyake viwili. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatetema. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu, na hakuwa analia.

"Mama," akasema, "mimi nilitaja thelathini na mbili. Nilikuwa nimejiandaa mnibembeleze mpaka thelathini na sita. Hiyo ruhusa nilikuwa nayo, nakwambia ukweli mbele ya Mungu. Sasa mzee ameniteremsha, na wewe umekuja kumsaidia."

"Basi weka hiyo thelathini na sita," nikasema. Angalieni, hapo sasa namba ilitoka vizuri kabisa, haina haya.

"Siwezi, mama. Mhasibu amekaa chumba cha pili na huu ukuta ni wa mbao. Ameshasikia mama akisema thelathini, tena baada ya dua. Nikiandika thelathini na sita ataniuliza nimekula nini. Nitaandika ile niliyotaja mwanzo, kabla nyinyi wawili hamjaanza kunilipa mimi."

Akaandika thelathini na mbili. Akanionesha pa kutia sahihi, kwa kidole. Nikatia.

Kwa hivyo msije mkasema Zena hana shukrani. Ramadhani nitalipwa, na goti nitalipeleka hospitali bila kuomba mtu. Kwa hayo namshukuru Mola, na dada Mwende namwombea mume mwema. Lakini karai halikushuka. Lilipaswa kushuka leo. Zimebaki elfu tatu baina yangu na kulala magharibi, na hizo tatu nimezitoa mimi kwa mkono wangu, nimewapa wenye malori.

Nilipotoka, sahani yangu ya maua ilikuwa dirishani, imelambwa inang'aa. Kazungu akanipa mkono wa hongera, akaniuliza karamu ya walima ni lini.

Kwenye tuktuk Mzee Badi hakusema neno mpaka tulipofika Bondeni. Nikadhani anajuta. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuingilia. Akasema, "Shemeji, kazi umepata. Kuna ile ada ya mshenga. Kawaida ni kikoi na shati, lakini weye ni mtu wangu. Kikoi tu kitatosha."

Hata kwa ada yake mwenyewe alipunguza. Mtu huyu ni mgonjwa. Nitamnunulia, kwani nitafanyaje, lakini kitakuwa kikoi cha rangi asiyoipenda.

Binti yangu amenipigia. Ameshasikia, bila shaka. Anasema mshahara utatazamwa tena mwaka ujao, na tangu leo nijizoeze kuitaja ile namba kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Safari hii nimemtii. Jioni hii nimekaa barazani nakaanga na huku nasema, wazi wazi, kama muadhini, "Elfu thelathini na tano. Elfu thelathini na tano."

Jirani yangu mwenye duka la vitambaa akasimama na bakuli lake.

"Bi Zena, viazi vimefika bei hiyo?"

"Hapana, bwana. Hiyo ni bei yangu mimi."

Akainama, akanong'ona, "Na haipungui?"

Atakayecheka humu kundini nitamjua, na kesho namuuzia viazi vya jana.